Samaki Darini

Siku ya tatu tangu mafundi waondoke, mke wangu alisimama katikati ya korido, akainua pua juu, akaniuliza, "Baba Nasra, umeleta papa humu ndani?"

Sikuwa nimeleta papa. Hapa Houston papa mkavu wa kweli ni wa kuletewa na mtu aliyetoka nyumbani, kafungwa mifuko mitatu ya plastiki ndani ya begi, na bado nguo zote zinafika zinanuka. Lakini harufu ilikuwepo, na mimi niliisikia. Nyumba ya Tanga kunuka samaki si habari ya kuandika. Nyumba ya Texas, kilomita 80 kutoka baharini, yenye madirisha yaliyofungwa, hiyo ikinuka samaki pana jambo. Na harufu ilikuwa inashuka kutoka juu, darini, kulikopigwa povu la kukinga joto.

Ngoja nianze mwanzo, maana kuna watu wengi wananiuliza juu ya hili povu, wengine kutoka huku huku Texas na Arizona, wengine kutoka Muscat, na mmoja, nitamfikia, kutoka Makorora, Tanga.

Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa fremu za mbao. Paa ni plaiwudi juu ya kenchi, na juu ya plaiwudi vigae vya lami, vyeusi au vya kijivu. Chini yake dari ya jipsam. Kati ya dari na paa pana nafasi unayoweza kutembea kwa kuinama, na ndani ya nafasi hiyo, sijui ni nani aliyeona kuwa ni akili, wamelaza mtambo wa kiyoyozi na mabomba yake yote ya hewa. Mwezi wa nane, saa tisa alasiri, nilipanda ngazi na kipimajoto. Nje kulikuwa nyuzi 38. Darini, 58. Hewa inayotoka kwenye kiyoyozi ina nyuzi kama 13, na kabla haijafika chumbani kwa watoto inasafiri ndani ya tanuri hilo kupitia mabomba laini yenye viungo vinavyovuja. Ni kama muuza maji ya baridi aliyelitua deli lake juu ya jiko la mkaa, halafu analalamika barafu haikai.

Kulikuwa na pamba ya kioo, ile ya kuwasha mwili, imetandazwa juu ya dari. Pamba ile inakinga vyumba. Mabomba yenyewe yako upande wa pili wa pamba, upande wa moto. Unaweza kuongeza pamba mpaka ifike kiunoni, mabomba yataendelea kuungua.

Povu linalibadilisha jambo hilo kwa kuhamisha mpaka. Badala ya kukinga juu ya dari, unapiga povu chini ya plaiwudi ya paa yenyewe, unaziba matundu yote ya kupitishia hewa kwenye kingo za paa, na ile nafasi ya darini inakuwa sehemu ya nyumba. Siku hizi kwangu, saa tisa ile ile, kipimajoto kinasoma nyuzi 27. Mabomba yale yale, viungo vile vile vinavuja, lakini yanavujia ndani.

Nisingefanya haya yote kwa ajili ya bili peke yake. Kilichonisukuma ni Beryl. Kimbunga kile kilitua pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024 na zaidi ya wateja milioni mbili wa eneo hili wakakosa umeme, wengine kwa siku nyingi. Kwetu zilikuwa siku tano. Siku ya kwanza nyumba ilishikilia baridi mpaka jioni. Siku ya pili dari ilianza kututemea joto usiku, ukilala chali unalihisi usoni, kama ukuta wa tanuri la mikate baada ya moto kuzimwa. Tulilala sakafuni, kwenye vigae vya jikoni. Mwanangu mdogo akaniuliza kwa nini hatufungui madirisha kama kwa bibi. Tulifungua. Mbu wakaingia, na joto lenyewe halikuwa na haraka ya kutoka.

Basi nikaita mafundi watatu waje kukadiria.

Kwanza nieleze kuna povu la aina mbili, maana wauzaji hupenda kuruka hapo. Yote ni ndugu wa godoro la sponji unalolilalia: poliyurethani, ambayo ilianzia Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, kwa kazi ya Otto Bayer na wenzake. La kwanza ni povu laini, la seli wazi. Ukilibonyeza linarudi, na mita moja ya ujazo haizidi kilo nane au tisa. La pili ni povu gumu, la seli zilizofungwa. Ukiligonga linalia kama kopo, na mita ya ujazo ni kilo 30 na kitu. Ukitaka kulijua bila kulinunua, fikiria kilichomo ndani ya ukuta wa friji yako. Kila kitundu ni chumba kilichofungwa chenye gesi inayozuia joto kuliko hewa. Ndiyo maana inchi moja ya povu gumu hukataa joto karibu mara mbili ya inchi moja ya laini. Kwa kipimo cha kukataa joto wanachokitumia Marekani, R, gumu ni 6 hadi 7 kwa inchi, laini ni 3.5 na ushei. Bei nayo inafuata, tena kwa mbio zaidi.

Kuhusu gesi hiyo, kwa miaka mingi walitumia aina ambayo ikitoroka angani hutega joto kama mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi. Unakinga nyumba yako, unafunika dunia blanketi. Sheria ya Marekani imezuia povu jipya la aina hiyo kuanzia 2025, na mapipa niliyoyaona kwangu yalikuwa tayari ya gesi mpya, ambayo madhara yake kwa hilo ni madogo sana. Uliza kabla ya kusaini.

Fundi wa kwanza alikuja, akapima ukubwa wa paa kwa simu, akaniahidi bili itapungua nusu, akaniachia karatasi. Hakupanda darini. Wa pili alipanda, akashuka anatokwa na jasho, swali lake la kwanza likawa, "Hiyo hita yako ya gesi iliyoko juu inavuta hewa wapi?" Nikamwangalia. Hita ile ya kupashia nyumba wakati wa baridi ilikuwa inavuta hewa ya kuwashia moto kutoka darini humo humo. Ukiziba matundu yote ya paa na kuiacha inawaka vile, inaweza kukosa hewa na kurudisha moshi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu, si ya samaki wala ya chochote. Tungekuwa tumejijengea kaburi lenye ubaridi mzuri. Alinipigia hesabu ya kubadilisha hita kwanza, na hesabu hiyo ilinifanya nikae chini. Lakini yule aliyeniongezea gharama kwa swali moja ndiye niliyemwamini. Wa tatu simkumbuki hata sura.

Nikachagua povu gumu. Laini lina wateja wake, tena lina hoja moja nzito: paa likivuja, maji hupenya povu laini na utaliona doa kwenye dari, wakati gumu huyazuia maji juu, na mbao zinaweza kuoza kimya kimya wewe ukidhani mambo shwari. Hoja hiyo bado inaninyima usingizi mvua zikinyesha. Lakini mimi nipo ukanda wa vimbunga na unyevu. Povu laini hupitisha mvuke, na kwenye hewa kama hii ya Ghuba ya Meksiko mvuke hujificha kwenye mbao usiku na kutemwa darini mchana jua likichoma. Gumu, likifika inchi mbili, huuzuia mvuke kwa kiasi kikubwa. Halafu ni gundi. Chuo Kikuu cha Florida walipima, wakakuta plaiwudi iliyogandishwa kwenye kenchi kwa povu gumu inaweza kuhimili nguvu ya upepo unaoinua paa hadi mara tatu ya ile iliyoshikwa na misumari tu. Kwa mtu aliyewahi kusikia paa lake linapumua usiku wa kimbunga, takwimu hiyo inauza povu kuliko bili ya umeme.

Siku ya kazi lilikuja lori lenye kila kitu ndani: jenereta, mashine, mapipa mawili makubwa, na mpira mrefu kama nyoka uliofungwa blanketi la kupasha moto. Pipa moja lina kemikali iitwayo isosayaneti. La pili lina nyingine, polioli, pamoja na gesi, dawa za kuharakisha na za kuzuia moto. Mashine inavipasha vyote viwili mpaka nyuzi 50 hivi, inavisukuma kwa nguvu kubwa, sehemu moja kwa sehemu moja, na vinakutana kwa mara ya kwanza ndani ya bastola, mkononi mwa fundi. Kwa maana nyingine, kiwanda ni yule mtu. Godoro lako lilitengenezwa kwenye kiwanda na mkaguzi akalipitisha. Povu la paa langu lilitengenezwa darini, mwezi wa kumi, na kijana aliyepiga magoti kwenye mbao mbili.

Kijana mwenyewe alikuwa Mkongo wa Bukavu. Tuligunduana alipokuwa anaongea na simu kabla ya kuvaa barakoa, nikamsalimia kwa Kiswahili, akacheka mpaka wenzake wakageuka. Kuanzia hapo nikawa "Papa". Kwao ni heshima, baba. Mke wangu, Mdigo wa Tanga, kila alipomsikia akiniita alikuwa anaingia jikoni kucheka. "Anakuita papa na wewe unaitika," alisema.

"Papa, usiingie umu," kijana aliniambia nilipoweka mguu kwenye ngazi. "Ile hewa iko mubaya sana." Yeye alivaa suti nyeupe ya mwili mzima na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Isosayaneti ikiingia kifuani inaweza kukuachia pumu, na mwili ukishaikataa mara moja, hata kidogo tu baadaye kinakuangusha. Sisi tulilala kwa rafiki usiku huo, na tukarudi baada ya saa 24 kama walivyoagiza.

Nilichungulia kwa tochi kutoka mlangoni, mbali. Inatoka kama rangi ya maji, mstari mwembamba unaong'aa. Unahesabu moja, mbili, tatu, na mstari unaanza kuvimba wenyewe, unafura kama maandazi kwenye mafuta, mara 30 ya ulivyotoka, unameza misumari iliyochomoza kwenye plaiwudi, unameza nyufa, halafu unaganda ukiwa na ngozi ya rangi ya krimu. Kijana alipita mara moja eneo zima kwa unene usiozidi inchi mbili, akaacha lipoe, ndipo akarudi mara ya pili. Nilidhani anavuta muda. Kumbe povu likiganda hutoa joto lake lenyewe, na ukilipiga nene kwa pigo moja ndani linaweza kuungua. Kumekuwa na nyumba zilizoshika moto namna hiyo. Kila baada ya hatua chache alichoma waya mwembamba uliotiwa alama, akasoma kina, akaendelea.

Kabla ya kuondoka aliniambia neno ambalo mkuu wake hakuniambia wala halikuwa kwenye karatasi yoyote niliyosaini: "Ukisikia arufu ya samaki, uniite. Usingojee."

Ndiyo maana mke wangu alipouliza habari za papa, mimi moyo ulinipasuka.

Nilimpigia kwanza bosi. Bosi akasema ni kawaida, fungua madirisha, itaisha ndani ya wiki. Wiki ikapita. Akasema labda ni panya aliyekufa. Nikamwambia panya nimewajua tangu utotoni na hawanuki hivyo. Akanyamaza siku nne. Hapo nikampigia kijana, akaja Jumapili baada ya ibada, na shati lake la kanisani, akapanda na kisu. Alitambaa anabonyeza povu kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua maparachichi. Gumu, gumu, gumu. Kisha pembeni, karibu na bomba la moshi, kidole kikaingia. Kipande chenye upana kama wa mkeka wa kuswalia kilikuwa kimebaki kama jibini, cha manjano iliyokolea, na alipokikata harufu ikatujaa mdomoni.

Akanieleza. Mwisho wa siku pipa moja lilikuwa linaelekea kuisha, mashine ikavuta hewa pamoja na dawa, uwiano ukaharibika kwa sekunde chache. Polioli ikazidi, isosayaneti haikutosha kuikamata, na zile dawa za kuharakisha, ambazo ni jamaa wa kemikali zinazofanya samaki anuke samaki, zikabaki huru zinatafuta pua. Povu la namna hiyo halikauki kwa kungoja. Usipolikata, utaishi nalo. Bosi alipoona picha zenye kisu na rula alilegea, akatuma watu, wakakwangua mpaka kwenye mbao, wakapiga upya. Harufu ilikwisha siku mbili baadaye. Wapo wasiobahatika hivyo. Likiharibika paa zima, kuling'oa ni kulibomoa paa, maana ile gundi inayokusifia siku ya kimbunga ndiyo hiyo hiyo inayokataa kutoka.

Sasa lile ambalo hakuna aliyenionya, hata yule wa swali la hita. Nyumba ilipoa vizuri mno. Kiyoyozi changu kilikuwa kikubwa, kilichaguliwa kwa nyumba inayovuja joto. Sasa kinafikisha nyuzi 24 kwa dakika nane, kinazima. Lakini kiyoyozi hukausha hewa kikiwa kinafanya kazi muda mrefu, mvuke ukigeuka maji kwenye koili yake na kudondoka. Dakika nane hazitoshi. Masika ilipofika, mwezi wa nne, tulikuwa tunakaa kwenye baridi yenye majimaji. Chumvi iligoma kutoka kwenye kichupa. Viatu vyangu vya ngozi kabatini viliota koga ya kijani, na kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 67. Nikanunua mashine ya kukausha hewa, nikaifunga darini, sasa tunacheza kwenye 50. Mashine hiyo nayo inakula umeme. Bili imeshuka karibu robo. Nusu ile ya fundi wa kwanza siioni bado.

Na mchwa. Huku wapo, tena wakali, na anayekagua mchwa anahitaji kuona mbao. Mbao zangu za paa hazionekani tena. Nimeliandika hili lisisahaulike, sina zaidi la kusema.

Nimfikie wa Makorora. Mpwa wangu anamjengea bibi yake, yaani mama yangu, vyumba viwili vya nyongeza, paa la mabati. Akanitumia sauti: "Mjomba, shikamoo. Hilo povu lako, tukipata mtu Dar, tulipige na huku?"

Marahaba mwanangu. Nilimjibu kwa sauti ndefu kuliko yake. Bati la saa nane mchana ni balaa, najua, nimekulia chini yake. Povu lingepunguza joto linaloshuka kutoka kwenye bati, sikatai. Lakini nyumba ya bibi yako haina kiyoyozi, na madirisha yake yana wavu, yako wazi usiku na mchana. Joto linaloingia kwa dirisha halijui kama paa lina povu. Kazi kubwa ya povu gumu ni kuziba, na hakuna anayeziba kikapu. Weka dari, acha nafasi kati yake na bati, toboa matundu ya hewa pande zote mbili ili joto litoke kabla halijashuka. Paka bati rangi nyeupe. Ongeza baraza upande wa magharibi. Fedha ikibaki, panda mwembe.

Wazee wetu walikuwa na jibu la tatu, na sidhani kama tutaweza kulirudia. Nenda Lamu au Pangani uziguse kuta za nyumba za kale: matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima hivi, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali. Ukuta ule haulikatai joto kama povu. Unalipokea polepole mchana kutwa, na likikaribia kutokea ndani jua limeshazama na upepo umeanza. Nimelala humo mwezi wa pili bila feni. Lakini ukuta wa namna hiyo kwa mbao za Houston ni hadithi, na hapa upepo wa usiku wa mwezi wa nane una nyuzi 28 na maji ya kujaza ndoo.

Kwa hiyo tumebaki ndani, tumefungwa kama samaki wa kopo, na kila kinachotokea humu kinakaa humu. Nilifahamu hilo vizuri mwezi uliopita alipotua shangazi yake Mama Nasra kutoka Tanga. Mifuko mitatu ya plastiki, ndani ya begi la nguo. Walimpika papa kwa nazi, na bamia pembeni, na mimi nilikula mpaka nikaona haya. Zamani harufu ya jikoni ilikuwa inatoroka yenyewe kupitia nyufa za dari. Siku ya nne ilikuwa bado iko kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye sare za shule. Feni ya jikoni inayotoa hewa nje nimeshaiagiza, haijafika.

Katikati ya hayo kijana wa Bukavu akanipigia kunijulia hali, kama anavyofanya siku za mapumziko. Akamsikia mwanangu nyuma yangu akilalamika kwamba nyumba nzima inanuka samaki.

"Papa," sauti yake ikabadilika, "arufu imerudia?"

"Hapana, ndugu yangu. Safari hii ni papa."

Kimya kidogo kwenye simu.

"Papa wa nani?"